Hurulaini wa Bonde la Ruwi

Tulipomzika Mama Mkubwa, Bi Zuwena, watu walilia siku moja tu. Siku ya pili ya matanga, nyumbani kwa binti yangu kule Mabela, vicheko vilisikika kutoka chumba cha wanawake mpaka kwetu kwenye majlis, na sheikh aliyekuwa akisoma akanyamaza kidogo, akatazama zulia, kisha akaendelea. Nilijua wanachekea nini. Bibi aliyekwenda zake akiwa ameshiba umri hakosi hadithi, na ya kwake kila mtu anaijua, au anadhani anaijua. Mjukuu wangu mmoja aliisimulia mbele yangu kwamba Mama Mkubwa alimpiga Mzungu kwa kiatu. Mwingine anashikilia kwamba yule bwana alikuwa Muingereza na mchezo wenyewe ulikuwa tenisi. Hakumpiga mtu, wala hapakuwa na tenisi, na yule bwana ukimwita Muingereza alikuwa akiondoka chumbani bila kuaga. Alikuwa Muairishi. Tuliokuwapo siku ile na tungali hai ni mimi na Badri, na Badri siku hizi anachokumbuka asubuhi keshakisahau jioni. Basi ngoja niiandike mimi kama ilivyokuwa, mwaka wa sabini, Maskati ya ndani ya ukuta, nami kijana wa miaka ishirini mwenye miguu mirefu na akili fupi.

Tulikaa vyumba viwili vya juu, karibu na lango kubwa la mji. Chumba kimoja kilikuwa na kitanda cha kamba, mkeka na kasha lililokuja nasi kutoka Unguja. Cha pili kilikuwa jiko, ghala na mahali pa kusalia, kutegemea saa. Dirisha lilitazama uchochoro mwembamba hata mtu akipiga chafya chini, sisi juu tulimwambia yarhamukallah. Mama Mkubwa alikuwa dada wa mama yangu, na mama yangu alishafariki. Mwana wa pekee wa Mama Mkubwa, Nassor, alitoka nyumbani alasiri moja ya Januari, mwaka wa sitini na nne, gongo la hoki begani, akasema anakwenda mazoezini. Zile ndizo siku ambazo mji wetu uligeuka. Hakurudi, wala hatukumpata mtu wa kutuambia tumlilie au tumngoje. Tangu hapo Mama Mkubwa hakulala kama watu wanavyolala. Alikaa ameegemea ukuta, uso umeelekea ngazi, na ukiamka wakati wowote ungeyaona macho yake yako wazi. Mimi nilikuwa ndiye niliyebaki. Nikivaa viatu tu, ananiuliza: wenda wapi, wenda na nani, utarudi lini. Nilikuwa nikikereka, vijana ndivyo walivyo, lakini nilijibu kila swali, kwa sababu nilijua kuna mtu mmoja hakuulizwa.

Mwezi wa Julai, mwaka ule wa sabini, utawala ukabadilika, na nchi iliyokuwa imefungwa ikaanza kufunguka. Waliojua Kiingereza kidogo wakatafutwa kwa tochi. Mimi na Badri, ambaye nilisoma naye Unguja tangu darasa la kwanza, tukapata kazi ya ukalimani kwenye kampuni iliyokuwa ikipima barabara. Mkubwa wetu aliitwa Donali, mrefu, mwenye madoadoa usoni kama yai la kanga, na jua la Maskati lilimwunguza kila siku kana kwamba ndiyo siku yake ya kwanza kuonana nalo. Chumba chake, katika mji jirani wa Matrahi, kilikuwa na kitanda cha chuma, ramani ukutani, birika la chai lisilopoa, na pembeni, nyuma ya mlango, kigongo cha ajabu. Mpini wake kama wa hoki, lakini mwisho wake ulikuwa mpana, bapa, umefungwa utepe wa bati. Nikamwambia kwa adabu kwamba nasikitika, gongo lake la hoki limekanyagwa na gari. Alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Akasema hiyo si hoki. Hiyo ni hurling, na hoki ni mchezo wa watu walioogopa hurling.

Kuanzia hapo, kila tukimaliza kazi, alitumiminia chai nyeusi kwenye vikombe vya bati, akatukatia mkate mgumu wenye zabibu aliouoka mwenyewe, akasimulia. Alisema mchezo ule ni wa kale kuliko makanisa yao. Shujaa wao wa zamani, alipokuwa mtoto, alishambuliwa na mbwa mkali naye hana silaha, akautwanga mpira ukaingia kinywani mwa mbwa ukatokea kwengine. Watawala waliwahi kuupiga marufuku kwa sheria, na watu wakaendelea kuucheza, kwani sheria ilikuwa mjini na wao walikuwa shambani. Zamani kijiji kizima kilipambana na kijiji kizima, mpira unavuka mashamba na mito, anayeufikisha kwao ndiye mshindi. Sasa ni watu kumi na tano kila upande. Mpira ukipita chini ya boriti ya goli unapata tatu, ukipita juu unapata moja. Unaweza kuupiga ukiwa chini, ukiwa hewani, kuudaka, kukimbia nao juu ya ubapa wa gongo kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko. Na hakuna anayelipwa, hata bingwa wa nchi: Jumapili anashangiliwa na maelfu, Jumatatu anakwenda kukamua ng'ombe. Tena hapo hamna kuhamahama, akasema, mtu huichezea parokia aliyozaliwa, yaani mtaa na kanisa lake, mpaka meno yamtoke. Badri akaniangalia. Kwa Kiswahili akasema, "Basi sisi tushakosa, yakhe. Parokia tuliyozaliwa sisi iko wapi?" Nilimfasiria Donali, nikadhani atacheka. Hakucheka. Alizungusha kikombe chake mkononi, kisha akasema sheria nyengine zinaweza kungoja, na kwamba huku Maskati tutachezea pale tunapolala.

Tulikuwa vijana wengi wa Unguja mwaka ule, wengine wamekuja kutoka Dubai na Kuweti, na wote tulikuwa tumeshika gongo la hoki shuleni. Lakini magongo ya Donali hayakuwapo. Kwao hukatwa kwenye mti mmoja wa baridi ambao sisi hatuna hata jina lake, na hukatwa chini kabisa, pale shina linapopinda kuingia mizizini, ili mpindo uwe wa mti wenyewe. Tukampata seremala wa kijiji cha Sidabu aliyekuwa akitengeneza mataruma ya mashua, mbavu zile za ndani, naye alikuwa na rundo la mkunazi uliopinda wenyewe. Akatuchongea magongo kumi na tano na ya akiba. Mpira ukashonwa na fundi viatu wa Matrahi, ngozi nje na kizibo ndani, mishono imesimama kwa nje kama Donali alivyotaka. Siku niliyokwenda kuyachukua, seremala alikuwa amepogoa matawi mabichi, na majani yamejaa uani. Nikakumbuka kwamba Mama Mkubwa hupenda kuoshea nywele majani ya mkunazi, nikamjazia gunia. Nilipanda nalo ngazi kwa furaha, nikalitua mbele yake, nikasema nimemletea zawadi kutoka kazini. Gongo langu nililiacha kwa Badri. Katika nyumba ile jina la hoki halikutajwa kwa miaka sita, na sikutaka niwe mimi wa kulirudisha.

Mazoezi tulifanyia bonde la Ruwi, ambalo wakati huo lilikuwa changarawe tupu, uwanja wa ndege, na kambi ya jeshi. Shida yetu ilikuwa adabu. Hoki imekufundisha kwamba gongo halipandi juu ya bega, na kwamba unapigia upande mmoja tu, ukikosea, filimbi. Tulicheza tumeinama kama watu wanaotafuta sindano, na Donali kazi yake ikawa kukimbia kando yetu akipiga kelele kwa neno pekee la Kiswahili alilolishika, "Juu! Juu!" Ilinichukua muda. Siku nilipouinukia mpira hewani nikaupiga kabla haujagusa ardhi, nilisikia mlio wa mkunazi ukipita mikononi mpaka mabegani, nikacheka peke yangu katikati ya uwanja. Sikuwa nimecheka vile tangu Unguja. Wanajeshi walikuwa wakitutazama kutoka kambini, wengi wao Mabulushi wa ng'ambo ya bahari, waliozaliwa na gongo la hoki mkononi, na mwishowe afisa wao akaleta mwaliko. Wakakubaliana na Donali: Ijumaa, baada ya sala, kipindi cha kwanza tucheze hoki, mchezo wa jeshi, kipindi cha pili hurling, na seremala awachongee askari nao magongo yao.

Sasa sikiliza mchezo wenyewe ulivyotoka uwanjani ukaingia chumbani kwetu. Badri alipita chini ya dirisha kunipa habari, na kwa sauti yake ile isiyojua siri akasema, "Khalfani, mambo tayari. Ijumaa tuna jeshi. Kwanza jeshi, halafu hurulini moja kwa moja. Mzungu keshatuandika sote, na vitu vishafika kutoka Sidabu." Hivyo ndivyo alivyolitamka, hurulini, na Waunguja wote tulilitamka hivyo. Mama Mkubwa alikuwa dirishani akichambua mchele. Yeye hakusikia hurulini. Alisikia hurulaini, wale wanawake wa peponi, ambao mtu hawafikii ila apitie mlango wa kaburi. Vita vya Dhofari vilikuwa vikiendelea kule kusini, na kila mtaa ulikuwa na kijana aliyeingia jeshini. Akaweka neno juu ya neno: jeshi, kuandikwa, vitu kutoka Sidabu, ambavyo kwake vilikuwa silaha, kisha hurulaini moja kwa moja. Akageuka, akaliona gunia la majani ya mkunazi pembeni, majani ambayo sisi huwaoshea maiti. Haya yote alinihadithia baadaye. Siku ile aliumaliza mchele wake kuuchambua, akauteleka.

Wiki ile nilikula kama bwana harusi. Jumatatu biriani, Jumanne kuku wa kupaka, Jumatano mkate wa ufuta na mchuzi wa papa, na mimi mpumbavu nikadhani ndiyo baraka za mshahara. Aliniangalia nikila, yeye hagusi kitu. Alhamisi baada ya magharibi akaniita nikae mbele yake kwenye mkeka.

"Nshajua wendako kesho," akasema.

Nilidhani mtu amemwambia habari za magongo, na kwamba sasa sina la kuficha.

"Nani kakwambia?"

"Nna masikio, mwanangu. Lazima wende?"

"Nshaandikwa, Mama Mkubwa. Nikikosa mimi, watapungua."

"Na huyo Mzungu, ana mama?"

"Anaye. Na baba yake alikuwa mumo humo, na babu yake. Kwao ni jambo la ukoo."

"Watu hufa?"

"Hapana. Labda jino. Labda kidole."

Akanitazama kwa muda, kama anayemtazama mtoto anayemdanganya mkubwa kwa huruma. "Wataka mwenyewe? Hukulazimishwa?"

"Nataka mwenyewe. Toka tulivyokuja huku, sijapata kitu nikakipenda hivi."

Akafumba macho. Kisha akainuka, akateremsha msahafu, akausimamisha mlangoni, akanipitisha chini yake, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama anavyopitishwa msafiri. Nikamwambia si mbali, ni Ruwi tu. Akasema, "Najua, baba. Huanzia Ruwi." Nilikwenda kulala nikiwa nimetua mzigo. Nilijiambia, tazama, ameridhia, na mimi nilikuwa nikimwogopa bure.

Kipindi cha kwanza jeshi walitufunga wakachoka kutufunga. Cha pili kilipoanza, Mabulushi wale hodari wakawa na ugonjwa wetu wa zamani: kila mpira ukipanda hewani walingoja ushuke. Sisi tukainuka. Badri aliupitisha mmoja juu ya boriti, nikafuata na wangu, tukaanza kuamini. Ndipo nilipoona askari wa pembeni wanafungua njia. Mwanamke mwenye buibui alikuwa akija katikati ya uwanja. Nyuma yake, mbali, lilisimama gari la Mbulushi mmoja aliyekuwa akichukua abiria, mlango uko wazi. Kiatu kimoja kilikuwa kimekatika kwenye changarawe, akakivua akakishika mkononi, na hicho ndicho kiatu ambacho wajukuu wangu wanasema alimpigia Mzungu. Mpira ulikuwa juu. Ulianguka hatua chache kutoka kwake, akaupita bila kuuangalia. Alimwendea Donali moja kwa moja, akasimama baina yangu na yeye.

"Mwambie," akaniambia bila kugeuka. "Mwambie kwamba mimi simtoi huyu. Nlitoa mmoja. Nilijaribu usiku kucha kuridhia, nimeshindwa. Mungu ananijua, nimeshindwa."

"Hunitoi wapi, Mama Mkubwa?"

"Vitani."

"Vita gani?"

"Hivi mlivyoandikiwa. Jeshi, halafu hurulaini. Badri kasema kwa kinywa chake."

Nikamwonesha gongo. "Ni mchezo," nikasema. "Mchezo wa kwao, wa magongo. Unaitwa hurling."

"Unaitwaje?"

"Hurling."

Akayatazama magongo, mikononi mwa askari, mikononi mwa vijana wa Unguja aliowajua mama zao. Akakaa chini palepale kwenye changarawe, kiatu mapajani, akawa anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, kwa sauti ndogo, haachi, na mabega yake yalikuwa yakishuka kidogo kidogo. Nilimwambia Donali kilichotokea, kwa Kiingereza changu kilichokuwa kikivunjika. Nyuma yetu Badri alikuwa ameanguka kwa kicheko, na yule afisa pia alianza, mpaka nilipofika kwenye habari za Nassor. Donali alivua kofia, akachutama mbele ya Mama Mkubwa. Wazee husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sasa Mama Mkubwa alikuwa ameuona ung'ongo kwa karibu. Alikuwa akiliangalia gongo langu. Hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa.

"Hili ndilo ulilonificha?" akaniuliza.

"Kwa ajili ya Nassor, Mama Mkubwa."

Akanyoosha mkono, nikampa. Akaupitisha mpini kwenye kiganja chake, akafika kwenye mpindo, akausugua kwa kidole gumba. "Nassor hakuuliwa na gongo," akasema. "Alitoka nalo anacheka. Mimi nilikuwa napika, sikumuuliza kitu, nikasema moyoni, mwache akacheze. Miaka yote hii nakumbuka chungu, nakumbuka mlango. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa akicheka." Akanirudishia gongo. Machozi yalikuwa yakimtoka lakini uso wake haukuwa wa kilio. "Chezeni. Mimi ntangoja pale kwenye gari. Leo nangoja nikikuona."

Nilimpeleka kwenye Land Rover ya Donali, ikiwa kivulini mwa ukuta wa kambi, nikamfungulia mlango wa mbele. Nimekuwa mtu wa maofisi maisha yangu yote, nimepandishwa cheo, nimeoa, nimeona wajukuu, lakini ahueni niliyoisikia nikirudi uwanjani alasiri ile sijaipata tena kwa ukubwa ule. Sikuwa najua kwamba kwa miaka sita nilikuwa nikitembea nimebeba woga wa mtu mwengine. Nilicheza vibaya kwa furaha. Nilikimbilia mipira isiyokuwa yangu. Kila mpira ukitoka nje nilitupa jicho kwenye gari, na kila mara niliuona ukingo wa buibui dirishani, nikarudi mchezoni.

Filimbi ya mwisho ilipolia, askari walishangilia, vijana wetu wakagonganisha magongo hewani, na kundi zima likanifuata kwenda kumsalimia bibi aliyesimamisha jeshi. Nilifika wa kwanza. Mama Mkubwa alikuwa ameegemeza kichwa kwenye mlango, kinywa kiko wazi, kiatu kimemdondoka miguuni, naye anakoroma. Kelele zote zile, mkunazi juu ya mkunazi, watu wanaitana kwa Kibulushi na Kiarabu na Kiswahili, na yeye amelala. Niligeuka nikanyanyua mkono. Waliokuwa mbele wakasimama, wakawazuia wa nyuma. Dereva wa kampuni akaninong'oneza kama awashe gari, kwani Donali alikuwa na safari ya Maskati kabla lango halijafungwa. Donali alitikisa kichwa, akamtoa ufunguo mkononi. Tukakaa chini kwenye changarawe, timu mbili, magongo mapajani, hakuna aliyesema neno, mpaka alipoamka mwenyewe, akatuona tumemzunguka, akauliza tumeshinda au tumeshindwa.